Maswali ya Wasomaji: Je, bibi aliyetangulia anatusikia?

SWALI

Ndugu Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa niaba ya nyumba niliyoolewa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, nimeolewa na Mlutheri wa Machame, na kwa miaka kumi na mmoja jambo hilo halijawahi kutugombanisha. Mwezi wa Agosti mama yangu mzazi alifariki, tukamzika kihambani kwetu, pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Siku ya kumaliza tanga katekista alisema tusilie sana, kwa maana sasa tuna mwombezi mbinguni. Tulipokuwa tunarudi nyumbani mume wangu alisema maneno hayo hayamo katika Biblia, kwamba marehemu hawezi kumfanyia aliye hai jambo lolote. Baba mdogo, ambaye ni Msabato, alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Akasema wote wawili wamekosea, kwa kuwa mama hayuko mbinguni bali amelala, hajui neno lolote mpaka parapanda ilie.

Upendo, binti yangu wa miaka tisa, ameweka picha ya bibi yake kando ya kitanda na kila usiku humsimulia habari za shule. Usiku wa kuamkia mtihani nilimsikia akisema, "Bibi, niombee hesabu." Baba yake alimkataza kwa upole, akimwambia kwamba hayo ni mambo ya mizimu. Mtoto akaja jikoni akaniuliza, "Kwani bibi hanisikii tena?" Sikuwa na jibu. Na mimi mwenyewe, wiki mbili baada ya mazishi, niliota mama amesimama mlangoni akiniuliza kwa nini sufuria kubwa ya jirani haijarudishwa. Nilipouliza, jirani alisema ni kweli, aliiazima mama wakati wa komunyo ya kwanza ya Upendo. Naomba unieleze, bila kuegemea upande: walio mbinguni wanaweza kufanya nini?

Mama Upendo, Moshi

JIBU

Mama Upendo, pole sana kwa msiba. Umeniomba nisiegemee upande, nami nisikufiche: nimelelewa katika usharika wa Kilutheri, kwa hiyo ukiona mizani yangu imelala kidogo utajua sababu. Nitajitahidi hata hivyo kumpa kila mmoja wa wale watatu waliokuwa garini haki yake, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyesema upuuzi.

Nianze na baba mdogo, kwa kuwa jibu lake likiwa sahihi mengine yote yanakwisha. Wasabato wanasimama juu ya Mhubiri 9:5, panaposema kwamba walio hai wanajua ya kuwa watakufa, lakini wafu hawajui neno lolote. Nao wanakumbusha kwamba Bwana Yesu mwenyewe alisema rafiki yake Lazaro amelala. Kwao mtu hana roho inayoweza kuishi peke yake nje ya mwili, hivyo walio mbinguni leo, mbali na malaika, ni wale wachache ambao Maandiko yanaonyesha kuwa walichukuliwa au walifufuliwa, kama Henoko, Eliya na Musa. Hata Martin Luther alipenda kuzungumzia kifo kama usingizi mtamu, jambo ambalo mume wako huenda hapendi kukumbushwa na baba mdogo. Lakini sehemu kubwa ya Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, wameona kwamba fungu hilo la Mhubiri linaeleza mambo yanavyoonekana chini ya jua, si siri za upande wa pili. Jean Calvin, ambaye hakuna anayeweza kumshuku kuwa rafiki wa Papa, aliandika kitabu kizima kupinga fundisho la usingizi wa roho, alichokianza mwaka 1534 akiwa kijana na kukichapisha mwaka 1542. Yeye na wenzake walitumia maneno ya Yesu kwa mnyang'anyi msalabani, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi," na hamu ya Paulo ya kwenda kukaa pamoja na Kristo, ambayo ingekuwa hamu ya ajabu kama kwenda huko ni kupoteza fahamu. Wasabato hujibu kwamba koma ya Luka 23:43 iliwekwa na watu, na kwamba Yesu alikuwa anasema "nakuambia leo." Ni kweli kwamba maandishi ya kale ya Kiyunani hayakuwa na koma, ila kila mahali pengine katika Injili Yesu anaposema "Amin, nakuambia" haongezi siku ya kusemea. Mimi naona baba mdogo ana hoja ya kuheshimiwa, na bado simfuati.

Tuje kwa mume wako na katekista. Hawa wako karibu zaidi kuliko walivyodhani njiani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo wachungaji wa Kilutheri huapa kulifuata wanapobarikiwa, linasema katika kifungu cha 21 kwamba watakatifu wanaweza kukumbukwa ili tufuate imani yao, lakini Maandiko hayatufundishi kuwaita wala kuwaomba msaada. Wengi huishia hapo. Mwaka uliofuata Philip Melanchthon, mwenzake Luther, aliandika utetezi wa ungamo hilo, na humo alikubali waziwazi kwamba malaika wanatuombea, na kwamba watakatifu walio mbinguni wanaliombea Kanisa kwa ujumla kama walivyoliombea walipokuwa duniani. Aliongeza tu kwamba ushahidi pekee wa maandiko anaouona juu ya wafu kuomba ni ile ndoto ya Wamakabayo wa Pili, sura ya 15, ambamo Yuda Makabayo anawaona Onia kuhani mkuu na nabii Yeremia, waliokwisha kufa, wakiwaombea watu wao. Kitabu hicho kimo katika Biblia yako, ila katika Biblia nyingi za Kiprotestanti hakimo. Kwa hiyo mume wako akisema kwamba marehemu hawezi kufanya lolote, anakwenda mbali kuliko waasisi wa kanisa lake. Wao walisema kwamba wanaweza kuomba. Walichokataa ni kwamba tunaweza kuwaagiza.

Katekista naye alikimbia kidogo. Kwa mafundisho ya Kanisa lake hakuna mtu wa kawaida anayetangazwa kuwa yuko mbinguni siku ya kumaliza tanga. Ndiyo maana tarehe 2 Novemba mnasali kwa ajili ya marehemu wote, mkiwaombea walio toharani, na ndiyo maana mtu kama Mwalimu Nyerere, ambaye mchakato wake ulifunguliwa mwaka 2005, bado anaitwa Mtumishi wa Mungu tu, hajaitwa hata Mwenye Heri. Hata hivyo hakukosea sana. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 958, inafundisha kwamba sala zetu kwa marehemu zinaweza kuwasaidia wao, na pia kuyafanya maombezi yao kwa ajili yetu yawe na nguvu. Unaweza kumwombea mama yako na wakati huohuo kutumaini kwamba naye anakuombea, bila kujipinga.

Hapa lugha yetu inatuletea taabu ambayo lugha nyingine haziioni sana. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kuomba, kwa mtu anayemwomba jirani chumvi na kwa mtu anayesujudu mbele za Mungu. Mlutheri akisikia "tunamwomba Mtakatifu Antoni" masikio yake yanasikia ibada. Isikilize basi Litania ya Watakatifu siku ya upadrisho, wakati vijana wamelala kifudifudi mbele ya altare na kwaya inayataja majina moja baada ya jingine: Mungu akitajwa, watu huitikia "utuhurumie", Maria, Petro na Karoli Lwanga wakitajwa, mwitikio hubadilika kuwa "utuombee." Hiyo -e- iliyoingia katika -ombea ndiyo inayobeba teolojia yote ya Kikatoliki juu ya jambo hili. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, katika kikao chake cha mwisho mwezi wa Desemba mwaka 1563, ulisema kwamba kuwasihi watakatifu ni jambo jema na lenye manufaa. Haukusema ni lazima, na ukaongeza kwamba manufaa hayo hutoka kwa Mungu kwa njia ya Kristo, ambaye peke yake ndiye mkombozi.

Chukua mfano wa karibu. Sista Irene Stefani, mmisionari wa Konsolata ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha, alifariki mwaka 1930 huko Gikondi, Nyeri, kwa ugonjwa wa tauni alioupata akimhudumia mgonjwa. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na muujiza uliokubaliwa ulitokea Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 1989, wakati watu waliozingirwa kanisani na vita, bila maji, walipomsihi awaombee, na maji machache ya birika la ubatizo yakawatosha siku hadi siku. Ukimwuliza Mkatoliki aliyefundishwa vizuri ni nani aliyeyaongeza maji hayo, atasema ni Mungu. Na Irene alifanya nini? Aliomba. Basi. Nguvu yote ya walio mbinguni, hata kwa Kanisa linaloisisitiza kuliko yote, ni nguvu ya mtu anayemwomba Mwingine.

Ugomvi uliobaki, na huu ni wa kweli, ni kama wanatusikia. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, umati unapofurika Namugongo, maelfu wanasema "utuombee" kwa wakati mmoja, kwa Kiganda, Kiswahili, Kinyarwanda na lugha nyingine. Mprotestanti huuliza: Karoli Lwanga ni kiumbe, atawezaje kuyasikia yote hayo bila kupewa sifa ambayo ni ya Mungu peke yake? Mkatoliki hujibu kwamba hasikii kwa masikio. Anamwona Mungu uso kwa uso, na Mungu humwonyesha yanayomhusu. Hapo Mprotestanti hucheka kidogo: yaani Mungu anamwambia Karoli haja yangu, ili Karoli akamwambie Mungu? Jibu la Mkatoliki ni la haraka: na wewe unapomwomba mchungaji akuombee, Mungu si alikuwa anajua tayari? Naliona jibu hilo kuwa zuri, ila halifungi mjadala. Mchungaji ninamwona akitikisa kichwa, na Yakobo 5:16 inatuamuru tuombeane. Kwa wale waliotangulia hakuna amri kama hiyo, na kifungu kama Ufunuo 5:8, ambamo wazee 24 wanashika vitasa vya dhahabu vyenye maombi ya watakatifu, kinaonyesha kwamba maombi yetu yanapita mikononi mwao bila kusema kwamba yalielekezwa kwao.

Usidhani kwamba upande wa Roma ulikuwa na jibu moja tangu mwanzo. Siku ya Watakatifu Wote mwaka 1331, Papa Yohane XXII alihubiri Avignon kwamba roho za wenye haki haziuoni bado uso wa Mungu, zinangoja hukumu ya mwisho. Wanateolojia wa Paris walishtuka, na kwa sababu nzuri: kama watakatifu hawamwoni Mungu, haja zetu wanazisoma wapi? Mzee huyo aliyaondoa maneno yake Desemba 1334, akiwa kitandani pa kufia, na mrithi wake Benedikto XII akaamua rasmi mwaka 1336 kwamba waliotakasika wanamwona Mungu sasa.

Lakini kitabu ambacho ningependa wote watatu waliokuwa garini wakisome ni cha zamani zaidi, tena cha Mwafrika. Karibu mwaka 421 Augustino, askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, aliulizwa na rafiki yake Paulino wa Nola kama marehemu hupata faida akizikwa karibu na kaburi la shahidi. Kabla ya hapo, mwaka 406, Yeronimo, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, alikuwa amelijibu jambo la wafu kwa hasira: padre mmoja wa Galia (Ufaransa ya leo), Vigilantius, alisema mashahidi wamekaa mahali pao pa raha na hawawezi kuondoka huko, naye Yeronimo akamjibu kwamba waliomwombea jirani wakiwa bado vitani hawawezi kunyamaza baada ya kuvikwa taji, na kwamba wanaomfuata Mwana-Kondoo kokote aendako hawawezi kufungiwa mahali. Augustino hakuwa na hasira hiyo. Aliandika kama mtu anayepapasa gizani akijua kuna ukuta.

Anasimulia jambo lililotokea Milano. Kijana mmoja alidaiwa deni la baba yake aliyefariki, ingawa baba alikuwa amelilipa. Usiku baba akamtokea ndotoni na kumwonyesha hati ya malipo ilipo. Umeona, Mama Upendo, kwamba sufuria yako ina ndugu yake wa miaka elfu moja na mia sita. Wengi wangemaliza hapo na kusema baba alikuja. Augustino anaongeza hadithi ya pili, na hii ni ya kwake mwenyewe: mwalimu mmoja wa Carthage, Eulogius, aliyekuwa mwanafunzi wake, alikwama kwenye fungu gumu la Cicero, mwandishi wa Kirumi, alilopaswa kulifundisha kesho yake, akaota usiku Augustino akimfafanulia. Wakati huo Augustino alikuwa ng'ambo ya bahari, Milano, hai, pengine amelala, hajui lolote kuhusu fungu hilo wala shida ya Eulogius. Kama aliye hai anaweza kuonekana ndotoni bila habari, kwa nini tudhani kwamba aliyekufa akionekana lazima awe amekuja?

Kisha anaandika juu ya mama yake, Monika, aliyemfuata nchi kavu na baharini ili asikae mbali naye. Kama roho za marehemu zingekuwa na uhuru wa kushughulika na mambo ya walio hai, anasema, mama huyo asingekosa kuwa naye usiku hata mmoja. Haji. Hilo halimaanishi kwamba amekuwa mkatili kwa kupata maisha bora. Anafikia kusema kwamba marehemu hawayajui yanayotendeka hapa wakati yanapotendeka, ila wanaweza kuyasikia baadaye kutoka kwa wanaokufa na kwenda huko, au kwa malaika, au kwa Mungu kuwafunulia kile anachotaka wakijue. Na mashahidi wakisaidia, kama watu wa Nola walivyoamini kwamba Felix, mtakatifu wao, alionekana mji wao ulipozingirwa, wanasaidia kwa uwezo wa Mungu, si kwa asili ya wafu. Njia yenyewe inavyokuwa, anakiri kwamba inaipita akili yake. Karne nane baadaye Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kikatoliki, alikubali kwamba kwa maarifa ya asili roho za wafu hazijui yanayotendeka huku, akatofautiana naye kwa wale tu wanaomwona Mungu.

Mimi ninasimama hapo aliposimama Augustino, na sioni aibu.

Juu ya mizimu, mume wako ana hofu ya haki lakini ametumia neno zito kwa mtoto mwepesi. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kuwataka wafu habari, na mfalme Sauli alipokwenda kwa mwaguzi wa Endori alitaka kujua mwisho wa vita, kwa kisirani cha mtu ambaye Mungu hamjibu tena. Katika tambiko, kama ulivyoona kwa wazee wetu, marehemu hupewa mbege au damu ili atulie, naye hudhaniwa kuwa anadhuru au anajalia kwa nguvu zake. Upendo hakumtaka bibi habari, hakumpa kitu, hakumwogopa. Alimwomba amsemee. Ningekuwa na wasiwasi kama angeanza kusema kwamba bibi anamjibu, au kwamba bibi atakasirika picha ikihamishwa.

Sasa swali la jikoni. Akiuliza tena kama bibi hamsikii, usimwambie "anakusikia" kana kwamba umeshuhudia, wala usimwambie "hakusikii" kana kwamba umekwenda ukarudi. Mwambie kwamba Mungu anamsikia, na bibi yuko kwa Mungu. Halafu mfundishe kusema, "Ee Mungu, mwambie bibi nimefaulu hesabu." Sala hiyo mume wako anaweza kuitikia Amina, kwa kuwa imeelekezwa kwa Mungu kupitia mpatanishi mmoja anayetajwa katika Timotheo wa Kwanza 2:5, nawe unaweza kuiitikia, kwa kuwa, kama tulivyoona, Mkatoliki naye husema kwamba walio mbinguni hupata habari zetu kwa Mungu kuwaonyesha. Mlutheri mkali atasema kwamba nayo haikuamriwa. Ni kweli, ila hata kumsimulia Mungu habari za hesabu hakukuamriwa, na watoto hufanya hivyo kila siku. Akikua, na akikiri katika Kanuni ya Imani ya Mitume kwamba anasadiki ushirika wa watakatifu, maneno ambayo wazazi wake wote wawili huyasema katika makanisa tofauti, atachagua mwenyewe kama atasema "utuombee" au atanyamaza.

Kuhusu ndoto yako, siwezi kusema ilitoka wapi. Pengine ulimsikia mama akiitaja sufuria hiyo siku ya komunyo, katikati ya moshi na kelele za wageni, ukaisahau mpaka usingizi ulipoikumbuka. Pengine Mungu aliruhusu. Irudishe kwa jirani kabla ya Krismasi, maana ataihitaji.